Jinsi ya kuanzisha baraza la watoto mtaani kwako, kwa wale wanaouliza waanzie wapi

Kila baada ya wiki mbili tatu napata meseji ya aina ileile. "Kaka nataka kuwasaidia watoto wa mtaani kwetu wasipotee, waje kuwa viongozi, naanzia wapi?" Au ile nyingine, "bro nina watoto 60 hapa natafuta mfadhili wa tisheti." Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, sasa naandika yote hapa, ukiniuliza tena ntakutumia hii usome. Baraza la watoto ninalosema ni watoto wa mtaa mmoja wanaokutana, wanachagua viongozi wao na kuamua mambo yao wenyewe.

Mimi niko Mbagala, Dar es Salaam, sio mwalimu wala mtu wa ustawi wa jamii, ni fundi umeme tu ambaye Jumamosi nakaa na madogo chini ya mwembe, mwaka wa sita huu. Ninachoandika ni kile nilichokosea na kile kilichofanya kazi.

Kitu kimoja kabla hatujaenda mbali. Watoto ninaowasema ni wale wanaokaa na bibi, wanaouza karanga na ubuyu wakitoka shule, wale ambao ada ilifutwa tangu 2016 lakini daftari, viatu na sare bado ni mtihani nyumbani. Watu wanawaona kama hawana kitu mpaka wapewe. Sasa mwangalie binti wa miaka 11 anayeamka saa kumi na moja alfajiri, anateka maji, anamvalisha mdogo wake na kumpeleka shule, jioni anakaa na sinia la mihogo na chenji haimpotei hata mia. Huyo unataka umfundishe uongozi gani kwa semina? Anaongoza kila siku ila hakuna anayemwona. Anachokosa ni jukumu mbele za watu, na mtu mzima mwenye moyo wa kumwachia. Hatua zote hapa chini zinazunguka hapohapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Watu wazima watatu, angalau mmoja awe mwanamke. Wawili hawatoshi, siku mmoja akipata msiba utabaki peke yako na watoto na hilo halitakiwi kabisa.
- Sehemu ya wazi yenye kivuli, inayoonekana na wapita njia. Chini ya mti, baraza ya ofisi ya mtaa, uwanja wa shule kama mwalimu mkuu ameruhusu. Sio chumbani kwako.
- Kaunta buku mbili na peni, moja ya mahudhurio na mihtasari, nyingine ya hela.
- Kibubu chenye matundu mawili ya kufuli. Fundi wa bati yeyote anakutengenezea.
- Mpira mmoja. Hata wa makaratasi unaanzia. Rede yenyewe inataka soksi tu na matambara.
- Hela ya uji. Sisi tulianza kwa kuchangishana watu wazima watatu, elfu tano tano kila Jumamosi.
- Miezi sita ambayo una uhakika hutakosa. Kama unajua mwezi wa tatu unahamia Dodoma, acha kwanza, hawa watoto wameshaachwa na watu wazima wa kutosha.

Ambavyo HUVIHITAJI: tisheti, bango, nembo, spika, mgeni rasmi. Usajili wa NGO nao sio wa siku ya kwanza, mkikua afisa maendeleo ya jamii wa kata atakwambia kinachotakiwa.

Hatua zenyewe

1. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa kabla hujamwita mtoto hata mmoja

Muone mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, wapelekee barua fupi, nani mnahusika, mtakutana wapi, siku gani saa ngapi, umri wa watoto, na kwamba shughuli sio ya chama chochote. Omba nakala igongwe muhuri uhifadhi. Halafu nenda kata ukajitambulishe kwa afisa ustawi wa jamii, chukua namba yake, utaihitaji siku ambayo hukuitegemea. Kitu cha kuwashika nacho ni kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, na mabaraza ya watoto ni kitu ambacho serikali yenyewe inakitambua, hivyo huendi kuomba kitu cha ajabu.

Watu wengi wanaruka hii hatua wakisema "watanizungusha". Kuzungushwa utazungushwa, mimi walinirudisha mara tatu. Ila mwezi wa pili jirani mmoja akaenda kulalamika kwamba kuna mwanaume anakusanya watoto Jumamosi hajulikani anawafundisha nini, na mwenyekiti akamjibu yeye mwenyewe bila hata kuniita.

2. Pita nyumba kwa nyumba

Usibandike tangazo, watoto unaowataka wazazi wao hawasomi tangazo. Piga hodi, ongea na mama, na bibi, na baba kama yupo. Sema ukweli kwamba hakuna hela, hakuna posho, hakuna mzungu. Uliza saa gani mtoto yuko huru, maana wengine wana madrasa, wengine wanauza, na mabinti asubuhi ndo wanafua na kuteka maji. Sisi tulipanga saa tatu asubuhi tukapata wavulana watupu, tulivyosogeza saa kumi jioni mabinti wakaanza kuja, kumbe muda tu ndo ulikuwa unawafungia nje.

Anza na watoto 15 mpaka 20, miaka 9 hadi 16. Kuwa na wengi ni sifa ya kijinga. Na usichague wale wanaoongea vizuri au wanaoshika namba darasani, hao wana viongozi wao shuleni, wana ukiranja, wana ukaka mkuu. Mlete yule mkimya, mlete asiyeenda shule, mlete mwenye ulemavu ambaye nyumbani wanamwacha ndani wageni wakija.

3. Wiki nne za kwanza ni kucheza tu

Chandimu, rede, kombolela, mdako. Hotuba hakuna. Wewe kaa pembeni na daftari uangalie, nani anagawa timu na wenzake wanakubali, nani anamaliza ugomvi, nani anamrudisha mdogo aliyeachwa nje. Andika, kwa sababu kwenye mchezo mtoto hajui kama anapimwa.

Hapa ndo mtu mwenye haraka anaharibu, wiki ya kwanza tu ameshawapanga mstari anawaambia "nyinyi ni viongozi wa kesho". Wameshasikia hiyo tangu chekechea jamani.

4. Wape kazi moja ambayo mtaa mzima utaiona

Hii nimeiiba Nairobi na siionei aibu. Kule Mathare kuna MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanza 1987, na walichofanya ni kuunganisha mpira na usafi wa mtaa, timu ikifanya usafi inapata pointi zinazoingia kwenye msimamo wa ligi uleule wa magoli. Yaani unaweza kufungwa uwanjani ukapanda kwa reki na toroli. Na waliokuwa wanaendesha ligi, kupanga ratiba, kuamua, walikuwa vijana wenyewe wa Mathare. Wanaojitolea wanakusanya pointi za kupata msaada wa ada, na hela inakwenda shuleni moja kwa moja. Kutoka humohumo ikazaliwa Mathare United mwaka 1994, na 2008 ikachukua ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Kibera nako Kennedy Odede, aliyepitia maisha ya mtaani utotoni, alianza 2004 na mpira alioununua kwa kimshahara chake cha kiwandani, hiyo ndo SHOFCO, shirika la kijamii, unayoisikia leo.

Kwa hiyo tafuta kazi moja ndogo. Sisi tulichukua kona moja ya taka njia ya kwenda shule, Jumamosi mbili mfululizo, watoto timu nne, chupa za plastiki tukatenga tukauza kwa kilo. Watu wazima waliokuwa wanapita wakaanza kusimama na kuuliza, na wanayemuuliza ni mtoto, wewe usijibu, mwelekeze kwa mtoto.

ANGALIA: taka za mjini zina sindano, vioo na pampasi. Glavu na viatu lazima, asiye na viatu anahesabu chupa. Mtaroni hawaingii, hasa masika ambapo maji ya vyoo yanachanganyikana na kipindupindu kinatembea. Mzigo mzito unabeba wewe.

5. Uchaguzi, kuanzia wiki ya nane

Sio mapema, wanatakiwa wajuane kwanza. Nafasi ni nne tu: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na msemaji wa wadogo, ambaye awe chini ya miaka 12 na anachaguliwa na wadogo wenyewe. Muhula ni miezi mitatu, hakuna kurudia nafasi ileile mara mbili mfululizo. Muhula mfupi unafanya ndani ya mwaka watoto wengi wapite kwenye kiti, na anayefanya vibaya unamvumilia hauna haja ya kumpindua.

Kura iwe ya siri hata kama wanaona ni utani. Tundika khanga mbili kwenye kamba, nyuma yake weka makopo ya maziwa ya unga, kila mgombea kopo lake na alama juu yake, jani, kijiko, jiwe, ufunguo. Mpiga kura anapewa kizibo kimoja cha soda anaingia nyuma anatumbukiza. Asiyejua kusoma anapiga kura sawa na wa darasa la saba. Kuhesabu kunafanyika mbele ya wote, kwa sauti, kizibo kimoja kimoja.

Wewe huna kura. Na wala usimwambie mtu "mimi namwona fulani anafaa", nilifanya hivyo uchaguzi wa kwanza, yule dogo akashinda na wenzake wakamwita mtoto wa mwalimu mpaka akaacha kuja.

6. Kikao cha kweli, chenye ajenda

Ajenda hazina ubunifu na usijaribu kuziboresha: kufungua, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, mapato na matumizi, mengineyo, kufunga. Ndo zilezile zinazotumika kwenye vikoba, kwenye kamati ya shule, kwenye serikali ya mtaa, na siku mtoto akikaa kwenye meza hizo hatashangaa. Dakika 45 zinatosha, baada ya hapo ni uji na mpira.

Ajenda ya yatokanayo ndo shule yenyewe. Hapo ndo mtu anaulizwa "Jumamosi iliyopita ulisema utaenda kuuliza bei ya reki, umeenda?" Mara ya kwanza kila mtu anacheka, mara ya tatu mtu anaenda kweli.

Waache watunge sheria zao wenyewe. Za kwetu zilikuwa saba, na moja ilikuwa kwamba mtu mzima akichelewa analipa faini ya mia tano inaingia kwenye kibubu, watoto hawalipi faini kwa sababu, nanukuu daftari, "hawana hela na wanatumwa dukani".

7. Waachie hela

Hapa wengi wanashindwa na nakaa hapa kidogo.

Hela ya plastiki, faini, na kale kamchango ka uji mkikapata, vyote viingie kwenye kibubu. Kufuli mbili, ufunguo mmoja anao mweka hazina, mwingine anao mtoto mwingine ambaye sio rafiki yake wala ndugu yake. Kibubu kinalala kwa mama mmoja anayeaminika, ambaye hana ufunguo. Kila kikao kinafunguliwa hadharani, zinahesabiwa, zinaandikwa kwenye buku NA kwenye kipande cha boksi kinachotundikwa mtini, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Anayejua kusoma na asiyejua wote wajue ni kiasi gani, kwa hiyo katibu anasoma kwa sauti.

Halafu wanaamua wao zitumike nini. Utaumia. Mara ya kwanza walikusanya elfu kumi na nane na nilikuwa natamani wanunue reki, wakajadili nusu saa wakapiga kura wakanunua soda na keki. Nilinyamaza kwa shida sana. Wiki iliyofuata hela haipo, reki imevunjika, usafi umelala, na mtu wa kwanza kulisema kwenye kikao alikuwa kabinti ka miaka 10, "sisi tumekula reki." Hilo neno bado wanalitumia mpaka leo, ukitaka kutumia hela vibaya wanakuuliza unataka kula reki? Mimi ningewafundisha hivyo kwa maneno gani?

Mipaka yako ni miwili tu: hela isinunue kitu cha hatari, na isikae nyingi. Ikizidi kiasi ambacho ukiibiwa mtalia, inunueni kitu au iwekeni sehemu salama na wazazi wajue. Kuwapa hela mkononi kwa kuhudhuria ni mwiko, siku utakapokosa hutamwona mtu.

8. Wapeleke kwenye mkutano wa mtaa

Ukifika mwezi wa tano au wa sita watakuwa na jambo. Kwetu ilikuwa kivuko cha mbao kilichooza njia ya shule, mvua ikinyesha wadogo wanabebwa mgongoni. Jambo liwe moja, sio orodha.

Wao wenyewe waandike barua kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba dakika tano. Mtoto hana kura kwenye ule mkutano, wapiga kura ni wa miaka 18 kwenda juu, lakini hakuna anayekatazwa kusikilizwa mwenyekiti akiruhusu. Waandae vitu vitatu: tatizo ni nini na liko wapi hasa, wameshafanya nini wenyewe, wanaomba nani afanye nini lini. Wafanye mazoezi chini ya mti, wengine wajifanye wazee wakorofi wanaosema "nyie watoto nendeni mkasome", wanafurahi sana hapo na inawakomaza. Waongee wawili, kama mmoja akikwama mwenzake anapokea.

Usiwaandikie hotuba. Mtu mzima yeyote anajua sentensi ya mtoto na sentensi ya mfadhili.

Wakiahidiwa, katibu aandike jina, ahadi na tarehe, iingie kwenye yatokanayo ya kwao. Baada ya mwezi waende tena kuuliza kwa heshima, shikamoo kwanza halafu daftari.

Tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, watakuitia watoto wakaimbe. Waende, ni siku yenye uzito wake, inawakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi 1976 wakidai elimu yao. Ila waambie watoto historia hiyo kabla, wasiende kuwa mapambo ya jukwaa.

9. Wakubwa wawalee wadogo

Kila aliyefika miaka 15 na kuendelea apewe watoto watatu wadogo awe anawafuatilia, wasipofika anapita kwao kuuliza. Wa form four wapumzishe mwaka wa mtihani, mtihani Novemba, wakimaliza wana kipindi kirefu cha kukaa nyumbani kusubiri matokeo na hapo ndo vijiwe vinawachukua, wewe wawahi wewe. Akifika 18 mpeleke akajiandikishe kupiga kura, na mfundishe kwamba uenyekiti wa mtaa wenyewe umri wake ni 21, sio mbali kama anavyodhani.

Mambo yakienda kombo

Watoto wamepungua ghafla. Uliza kwanza uji ulikuwepo? Kisha ratiba, msimu wa mitihani, Ramadhani. Kama vyote viko sawa basi kuna mkubwa anawaonea wadogo na wanaogopa kusema, muulize msemaji wa wadogo pembeni ila mahali panapoonekana.

Mwenyekiti amekuwa mbabe. Muhula ni miezi mitatu, subiri. Akipiga mtu, kikao kinajadili siku hiyohiyo.

Hela imepungua kwenye kibubu. Usifanye upelelezi wala usimtaje mtu. Ulizeni kikao, buku linasemaje, funguo zilikuwa wapi. Kwetu ilitokea mara moja, elfu tatu, aliyechukua akarudisha kimyakimya baada ya wiki mbili, mdogo wake alikuwa anaumwa. Wenzake wakapiga kura iwepo akiba ya dharura ya kukopeshana, kitu ambacho mimi sikukifikiria.

Mgombea anataka kuwavalisha tisheti zake. Mshukuru, mwambie barua yenu ya mtaa inasema shughuli sio ya chama chochote. Akisisitiza mpeleke kwa mtendaji. Msimu wa uchaguzi hamishieni vikao uwanja wa shule.

Mtu anataka picha za watoto wenye shida ili akutafutie wafadhili. Hapana. Sura ya mtoto na hadithi ya umaskini wa kwao ikishaingia mtandaoni haitoki, atakuwa na miaka 25 anagombea udiwani watu wanairusha. Picha ni za kazi waliyofanya, kwa ruhusa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe.

Mtoto amekwambia anapigwa au anafanyiwa kitu kibaya. Msikilize, usimuahidi kuwa ni siri, usimuulize maswali kumi, usiende kumkabili anayetajwa. Piga 116, ni namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au mpigie yule afisa ustawi uliyechukua namba yake hatua ya kwanza, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Andika alichosema kwa maneno yake na tarehe. Siku hiyohiyo, sio Jumatatu.

Wazazi wanasema umekula hela za wafadhili. Ndo maana boksi linatundikwa mtini. Wakaribishe wasome.

Wewe umechoka. Kawaida, mwaka wa pili kila mtu anachoka. Mwaka juzi niliugua, Jumamosi moja nikajikokota kufika saa kumi na nusu nikijua nitakuta wametawanyika. Nikakuta wako kwenye mengineyo. Mwenyekiti, binti wa miaka 13, hakusimamisha kikao, alinionyesha kwa kidole sehemu ya kukaa, na katibu akafungua ukurasa wa mahudhurio akaandika "amechelewa", kisha mweka hazina akaja taratibu na mkono mbele kudai mia tano yake.